Kamal: kibao na uzi vilivyovusha vyombo

Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilitia nanga Malindi, zikitafuta mtu wa kuzifikisha India. Mfalme wa Malindi aliwapa rubani. João de Barros, mwanahistoria wa Kireno, anamtaja kuwa Mwislamu wa Gujarati na kumwita Malemo Caná. Anasimulia kwamba rubani huyo alipoonyeshwa astrolabu kubwa ya mbao na nyingine za madini, hakushangaa hata kidogo. Alitoa kifaa chake mwenyewe, cha vibao vitatu. Vitabu vingi husema rubani alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Julfar. Kwangu mimi, maneno ya Barros yana uzito zaidi.

Vibao vile ni vya ukoo mmoja na kamal ya mabaharia wa Kiarabu: kibao cha mstatili chenye uzi wa mafundo uliopitishwa katikati. Mwalimu wa chombo huliuma fundo kwa meno na kuukaza uzi. Kisha hukisogeza kibao mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari, na wa juu uiguse Nyota ya Kaskazini. Fundo lililoko mdomoni humwambia kimo cha nyota, na kimo hicho hukaribiana na latitudo. Walipima kwa isbaa, upana wa kidole, takriban digrii 1 na dakika 36.

Kusini mwa ikweta nyota hiyo huzama, na Kilwa iko karibu digrii 9 kusini. Huku walitegemea nyota nyingine, zikiwemo Farkadani, nyota mbili ziizungukazo ncha ya kaskazini. Ibn Majid alitunga shairi refu linaloeleza njia ya Sofala.

Kamal haikupima longitudo, na wapo wanaoiona duni kwa sababu hiyo. Wanaisahau bahari yenyewe. Pwani ya Afrika na ile ya magharibi ya India zimelala kaskazini kwenda kusini, na pepo za msimu huvusha chombo kutoka moja hadi nyingine. Nahodha aliyeishika latitudo ya bandari yake aliifuata moja kwa moja mpaka nchi kavu ikatokea mbele. Meli za da Gama ziliondoka Malindi tarehe 24 Aprili na kutia nanga karibu na Calicut tarehe 20 Mei.

Wareno walielewa thamani ya kifaa hiki upesi. Barua ya Mestre João, mwanaastronomia wa msafara wa Kireno, kwa Mfalme Manuel wa Ureno, iliyoandikwa Brazili Mei 1500, inavitaja vibao vya India.

Longitudo ilisubiri saa ya John Harrison, iliyojaribiwa katika safari ya Jamaica mwaka 1761. Hata baada ya hapo kamal iliendelea na kazi: mwaka 1836 James Prinsep alichapisha huko Calcutta maelezo ya vifaa vya mabaharia wa Kiarabu, kamal ikiwemo.