Mwalimu aliyewabishia hodi wafungwa wa Dublin

Kijana aliyetoka Shimo la Tewa akienda kuomba kazi ya ulinzi Mombasa, kitu cha kwanza ataulizwa ni cheti cha tabia njema. Atakwenda kupakwa wino vidole vyote kumi, kisha angoje. Kesi yake ikijitokeza kwenye hicho cheti, safari yake ya kutafuta kazi mara nyingi huishia hapo. Mzozo huu wa mfungwa, karatasi na tajiri ni wa zamani, na kuna mji ambao uliwahi kuutatua kwa miguu ya mtu mmoja.

Kwa miongo mingi Uingereza haikuhitaji kujiuliza mfungwa akimaliza kifungo ataishi vipi. Wakosaji wakubwa walipakiwa melini, wakafunguliwa huko huko Australia, mbali na macho ya watu. Walowezi wa Tasmania, kisiwa cha huko, wakachoka kugeuzwa jaa la wahalifu, na mwaka 1853 meli zikakoma kwenda huko. Ireland, ambayo nayo ilikuwa chini ya utawala wa London, ikajikuta na wezi wa Dublin wanaofunguliwa Dublin, mtaa mmoja na wale waliowaibia.

Mwaka 1854 magereza ya huko yalikabidhiwa Walter Crofton, mwanajeshi wa zamani. Mawazo mengi aliyoyatumia yalikuwa ya Alexander Maconochie, Mskoti wa jeshi la majini aliyewahi kuwa mateka wa Wafaransa na kwa hiyo akijua mlango ukifungwa kwa nje unavyolia. Maconochie alipewa kukiongoza kisiwa cha wafungwa cha Norfolk mwaka 1840. Akaanza kupima kifungo kwa alama za kazi na mwenendo badala ya kuhesabu siku tu. Haikupita miezi mitatu, akawafungulia wafungwa kutwa nzima kusherehekea siku ya kuzaliwa kwa Malkia Victoria, wakala, wakacheza mchezo wa kuigiza, wakaonja hata pombe kidogo. Jioni walirudi ndani. Wakubwa walikasirika, na mwaka 1844 akaondolewa.

Crofton alikuwa mwangalifu zaidi. Mfungwa wake alianza na miezi kama tisa ya upweke katika gereza la Mountjoy, akaenda kwenye kazi ngumu, kisha, kabla ya kuachiliwa, akapitishwa mahali palipokuwa nusu jela nusu uraiani. Wenye ufundi walikaa Smithfield, katikati ya mji, na wengine wakitumwa nje peke yao. Wa jembe walipelekwa Lusk, kaskazini mwa Dublin, ambako tangu 1856 walilala katika vibanda viwili vya mabati, watu hamsini kila kimoja, wakikausha ardhi yenye maji. Ukuta haukuwapo, na askari wao wachache hawakubeba silaha. Aliyetaka kutoroka alikuwa na usiku kucha wa kufanya hivyo.

Crofton ndiye aliyepewa cheo cha heshima, lakini mimi naona sehemu kubwa ya sifa ni ya James Organ. Huyu alikuwa mwalimu wa Smithfield. Jioni aliwafundisha wafungwa mambo ya maisha ya nje: mishahara, gharama, namna ya kuanza upya ugenini. Saa nyingine alizunguka Dublin akibisha hodi kwa wenye kazi. Hakuficha kitu. Alisema huyu ni mfungwa, alifanya kosa hili, na mimi nitakuja kumwangalia. Wengi walimfukuza, wachache wakajaribu, na baadhi ya waliojaribu mmoja wakarudi kuomba mwingine. Naye alitimiza ahadi, akirudi mara kwa mara kuuliza hali ya mtu wake.

Ng'ambo, Uingereza yenyewe ilimpa mfungwa cheti cha ruhusa ya kutoka kabla ya muda, kisha ikamwachia njia. Mwenye cheti alikificha, maana kikionekana kazi imekwisha. Julai 1862 mbunge mmoja alikabwa koo na kuporwa London, na magazeti yakawashukia wenye vyeti wote. Sheria ya mwaka 1864 ikawalazimisha kuripoti polisi. Yaani katika kazi ya Organ walichukua nusu: uangalizi ukabaki, kubisha hodi kukaachwa.

Kwetu wakoloni walifika na jela kabla ya mengine. Fort Jesus iligeuzwa gereza mwaka 1895 na kubaki hivyo hadi 1958. Sheria ya kifungo cha nje Kenya ilipitishwa 1943, na idara yake ikaanza kazi 1946. Siku hizi maafisa wake huenda hadi kijijini kabla mfungwa hajaachiliwa. Huketi na mama mzazi, humwona chifu, humtafuta hata aliyeibiwa, na kuuliza: akirudi, mtampokea? Kwa tajiri mwenye kazi ya ulinzi swali hilo ni nadra kufika. Huko hutangulia kile cheti chenye alama za wino.