Dawa zimeisha zahanati? Ijue kamati inayokuwakilisha

Umeamka alfajiri, umekaa foleni na mtoto mgonjwa, halafu dirishani unaambiwa dawa hamna, kanunue nje. Wengi tunalalamika njiani kisha tunanyamaza. Lakini ukiwa Chemchem, Tabora mjini, au kijijini kabisa, kuna chombo cha kukusemea: Kamati ya Usimamizi ya Kituo cha afya au zahanati.

Ni kina nani?
Ndani yake wapo wananchi wanaotibiwa hapohapo. Mwenyekiti hutoka kwa wananchi. Mganga mfawidhi ndiye katibu, siyo bosi wa kamati.

Wanafanya nini?
Wanapitia mpango na bajeti ya kituo, wanafuatilia mapato na matumizi, dawa zinazoingia, na malalamiko ya wagonjwa. Wanapaswa pia kurudisha majibu kwa wananchi.

Ilianzaje?
Tabora ina historia yake hapa. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulijaribiwa kwanza wilayani Igunga katikati ya miaka ya 1990: kaya inachangia mara moja, inatibiwa mwaka mzima. Sheria ya mfuko huo ikapitishwa mwaka 2001. Mtu akishachanga, ana haki ya kuuliza hela yake imefanya nini.

Kwa nini sasa ni muhimu zaidi?
Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinatumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, badala ya kupitia halmashauri kwanza. Maana yake, uamuzi wa kununua dawa au kukarabati choo umesogea karibu na wewe. Kamati ikilala, anabaki kuamua mganga mfawidhi peke yake.

Wewe ufanye nini?
• Muulize mwenyekiti wa mtaa au kijiji: wajumbe wetu ni kina nani?
• Hudhuria mkutano, uliza mapato na matumizi.
• Ukiwa na lalamiko, taja siku, saa na huduma uliyokosa. "Huduma mbovu" haimsaidii mjumbe kufuatilia.
• Nafasi zikitangazwa, gombea. Mama anayepeleka mtoto kliniki kila mwezi anajua foleni inakwama wapi kuliko mtu asiyetibiwa pale.

Sanduku la maoni ni zuri, ila haliulizi swali la pili. Mjumbe anauliza.