Wahaka wa Riziki Wakati wa Korona Nchini Kenya

Wahaka wa riziki ni fadhaa ya nafsi imshikayo mtu aonapo kwamba pato lake limekatika, au li karibu kukatika, ilhali wale wanaomtegemea wangali wakimtazama yeye. Fadhaa hii haikuzaliwa na korona. Lakini maradhi hayo yalipoingia Kenya, ambako mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, ilidhihirika kwa namna ambayo hata wasio na mazoea ya kuzungumza habari za afya ya akili hawakuweza kuipuuza. Ilidhihirika pia kwamba mzigo huo haukugawanywa sawasawa, kwani amri moja iliyotolewa kwa taifa zima ilimshukia kila mtu kwa kadiri ya akiba aliyokuwa nayo siku ilipotangazwa.

Shule zilifungwa katikati ya Machi. Tangu tarehe 27 ya mwezi huo ikawekwa kafyu ya saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri, na mwezi wa Aprili safari za kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale zikazuiwa. Kwa mtu wa mshahara, aliyeweza kuendelea na shughuli zake akiwa nyumbani, haya yalikuwa udhia na upweke, nao upweke si jambo dogo. Lakini kwa kibarua alipwaye kila machweo, kwa mwendeshaji wa bodaboda, na kwa mama auzaye viazi karai barazani, ambaye wateja wake hupita jioni watokapo makazini, kafyu iliondoa saa zile zile ambazo ndani yake chakula cha kesho kilikuwa kikipatikana. Huko Likoni, Mombasa, jioni ya kwanza ya kafyu, abiria waliokuwa wakihangaika kuiwahi feri walipigwa na polisi na kurushiwa gesi ya kutoa machozi. Tarehe 6 Mei Mji wa Kale wa Mombasa ukafungwa, pamoja na Eastleigh ya Nairobi, katikati ya mwezi wa Ramadhani, msimu ambao wafanya biashara wa mitaa hiyo huutegemea kwa mauzo ya jioni na ya nguo za Idi. Na hoteli za pwani, zilizokwisha kupoteza wageni wao, ziliwarudisha watumishi makwao.

Serikali haikukaa kimya. Tarehe 25 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba apataye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi hatatozwa kodi ya mapato, na kwamba kodi ya ongezeko la thamani itashuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Msaada huu wa kwanza ulikuwa mwema, walakini ulimfikia mwenye hati ya mshahara, na Kenya zaidi ya watu 8 katika kila 10 walioajiriwa nje ya kilimo kidogo hufanya kazi isiyo rasmi, wasiokuwa na hati hiyo wala kodi ya kusamehewa. Wao walifaidi zaidi jambo lililoonekana dogo, yaani kuondolewa kwa ada ya kutuma kwa simu fedha zisizozidi shilingi 1,000, kwa kuwa ndicho kiasi ambacho ndugu humtumia ndugu. Na baadhi ya vijana wa mitaa duni walipata ujira wa kusafisha mitaro katika mpango wa Kazi Mtaani.

Katika mambo yote yaliyoutia wahaka huu makali, deni ndilo la kutazamwa kwa makini. Mikopo ya simu ilikuwa imeenea kabla ya korona, nayo hupatikana kwa dakika chache bila mdhamini. Lakini baadhi ya wakopeshaji, mdaiwa alipochelewa, waliwapigia watu ambao majina yao yamo katika simu yake, wakamtangaza kwa mwajiri, kwa shemeji, hata kwa mtu aliyemuuzia kitu mara moja. Hivyo mtu aliyepoteza kazi alipoteza pia sitara yake, na fedheha humzuia mtu kuomba msaada hata kwa yule ambaye angemsaidia. Aprili 2020 Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wasiosimamiwa kupeleka majina ya wadaiwa kwenye ofisi za kumbukumbu za mikopo. Ama sheria ya kuwataka wawe na leseni ilikuja Desemba 2021, baada ya kafyu kwisha kuondolewa.

Kwamba ukata wenyewe huiumiza akili ni jambo lililopata ushahidi mzito Kenya kwenyewe. Katika baadhi ya vijiji vya Siaya na Bomet shirika la GiveDirectly lilikuwa, tangu kabla ya maradhi, likiwapa watu wazima wote fedha zipatazo senti 75 za dola kwa siku, kwa muda mbalimbali, na baadhi yao kwa miaka 12. Wachunguzi, miongoni mwao Abhijit Banerjee na Tavneet Suri, walipowapigia simu wanavijiji hao mwaka 2020, waliona kwamba waliopata fedha walishikwa na njaa na maradhi kwa uchache kuliko wenzao wa vijiji visivyopewa, na sonona yao nayo ilikuwa imepungua, ijapokuwa kwa kiasi kidogo. Biashara walizozianzisha kwa fedha hizo zilipoteza faida yake katika msukosuko ule, lakini wenyewe hawakuanguka pamoja nazo. Pato dogo lisiloyumba lilifanya sehemu ya kazi ambayo tumezoea kumwachia tabibu.

Matabibu wenyewe walikuwa haba. Hospitali ya Mathari ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1910, ingali ndiyo hospitali kuu ya taifa ya maradhi ya akili, na mwenye mali humwendea tabibu wa faragha. Jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dk. Frank Njenga, lililoundwa kabla ya korona, lilitoa ripoti yake Julai 2020, likataka maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya taifa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2022 kwamba wahaka na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa korona, na kwamba wanawake na vijana ndio walioathirika zaidi. Lakini katika muda wote huo sheria ya Kenya, katika kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu, ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hata miaka 2, kwa hiyo mtu aliyelemewa na deni hadi akakata tamaa aliweza kutolewa wodini akapelekwa kizimbani. Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha katiba mwezi wa Januari 2025.