Mkoko unaalika nini?

"Ndio kwanza mkoko unaalika maua," husema mtangazaji wa mpira bao la mapema likiingia. Msikilizaji wa Ngarenaro au Tengeru, huku Arusha, ambaye huenda hajauona mkoko maishani, huelewa kwamba mambo bado.

Wengi hudhani mti unayakaribisha maua, kama waalikwa wa harusi. Sivyo. Kualika huku ni kutoa mlio mdogo wa kupasuka, kama vidole vialikavyo; tumba linafunguka. Na aliyeitunga methali aliujua mti wake vizuri. Baada ya ua, mbegu ya mkoko huotea juu mtini, ikaning'inia miezi mingi kama rungu jembamba la kijani, ndipo idondoke topeni. Ua, kweli, ni mwanzo tu.

Watu wa pwani hawaishii kusema "mikoko" kwa jumla kama sisi wa bara. Wana mchu, wana mkandaa, mti mdogo ambao magome yake hufaa kutengenezea ngozi.

Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, haiwezi kuuotesha mkoko. Maziwa yetu ya Momella yana magadi, lakini hayana kupwa na kujaa. Hata hivyo sisi na mkoko si wageni kabisa: maji ya mlima Meru hushuka na mto Themi hadi mto Kikuletwa, huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto Pangani huyapeleka baharini, na pale mlangoni mikoko imesimama.