Chumvi ya Mjini: Kutoka Kavirondo Kusini hadi Kilimani

Kilimani, mtaa ulio magharibi ya katikati ya Nairobi, ulitengwa enzi za ukoloni kuwa makazi ya Wazungu, na Waafrika waliolala humo walikuwa zaidi wapishi, watunza bustani na watumishi wengine waliojengewa vyumba uani. Chumvi waliyoikuta katika majiko ya mabwana zao haikuwa ile iliyotengenezwa kwao. Katika nchi ya Waluhya, magharibi ya Kenya, kwa mfano, mboga zilipikwa kwa musherekha, yaani maji ya majivu: maganda makavu ya maharagwe yalichomwa, majivu yakatiwa katika chombo kilichotobolewa kitako, na maji yaliyomiminwa juu yake yakachuruzika taratibu, yakiwa na rangi ya chai. Maji hayo yana potasiamu nyingi, madini yanayousaidia mwili kuitoa sodiamu, ambayo ndiyo iliyojaa katika chumvi ya dukani.

Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison aliandika katika jarida la Lancet kwamba, miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa katika hospitali yake huko Kavirondo Kusini, eneo la magharibi ya Kenya, hakuna hata mmoja aliyetambuliwa kuwa na shinikizo la damu, maradhi ambayo watu wengi huyaita presha. Yeye aliyahusisha maradhi hayo na misukosuko ya ustaarabu, na kilichokuwa chunguni hakukipa uzito.

Baada ya nusu karne, watafiti Neil Poulter, M. Mugambi na wenzao waliwafuatilia Waluo waliohamia Nairobi kutoka vijijini, wakiwalinganisha na waliobaki nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kwamba shinikizo la wahamiaji lilipanda mapema, huku mkojo wao, ambao hausahau mlo kama mtu anavyosahau, ukiwa na sodiamu zaidi na potasiamu pungufu.

Wakati huohuo serikali ilikuwa na sababu njema ya kutaka chumvi ya pakiti ifike kila nyumba, kwa kuwa tangu mwaka 1978 sheria iliagiza itiwe madini ya joto, ambayo huzuia rovu. Kueneza chumvi yenye madini hayo na kupunguza ulaji wake hakugongani: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichofurika, na kiasi hicho kinajumlisha pia chumvi iliyomo katika mkate, soseji na viungo vya pakiti. Kinachosahauliwa zaidi ni magadi, ambayo huwekwa ili maharagwe yaive upesi. Nayo yana sodiamu, na mgonjwa aliyeondoa kichupa cha chumvi mezani huyaacha yakichemka jikoni.