Presha iko chini na kidonge cha mapigo bado hujameza

Mashine inasoma 92 kwa 58. Kidonge cha jioni, kile ulichopewa kutuliza moyo unaokwenda mbio, kiko kiganjani. Ungekuwa nyumbani Likoni ungemwita jirani aliye muuguzi. Lakini uko Kesses, usiku umeingia, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi iko Eldoret mjini, kilomita 35 hivi. Familia nyingi za Pwani zina vijana katika Chuo Kikuu cha Moi huko Kesses, na swali hili ni afadhali lijulikane kabla ya usiku kama huo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo huku kwetu huchanganywa. Mapigo ni idadi ya mara moyo unadunda kwa dakika. Kwa mtu mzima aliyetulia ni 60 hadi 100. Presha ni nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa, na kwa kawaida huitwa ya chini ikiwa chini ya 90 kwa 60. Si lazima vyote viwili viende pamoja. Wakimbiaji wanaofanya mazoezi Kaptagat wanaweza kuwa na mapigo ya 40 na kitu wakiwa wazima kabisa. Naye mtu aliyetokwa na damu nyingi presha yake huanguka huku moyo ukidunda mara 130.

Kesses ina jambo lake pia. Iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Mgeni kutoka Mombasa hukuta moyo umeongeza kasi siku za mwanzo kwa sababu oksijeni ni haba kidogo. Mwili unazoea tu, basi asijiongezee dozi kwa hilo.

Sasa dawa zenyewe. Tazama pakiti: jina likiishia na "lol", kama atenololi, bisoprololi, karvediloli au propranololi, dawa hiyo hupunguza kasi ya moyo na pia nguvu ya kusukuma, kwa hiyo presha nayo hushuka. Verapamili na diltiazemu hufanya hivyo pia kwa njia nyingine. Digoksini ni tofauti: hupunguza kasi bila kuivuta presha chini, ndiyo maana daktari huikumbuka mgonjwa akiwa na presha ndogo na mapigo yaliyovurugika. Lakini ni dawa ya kuheshimiwa. Ikizidi mwilini, hasa figo zikiwa dhaifu, huleta kichefuchefu, hamu ya chakula hupotea, na macho huona rangi ya manjano.

Swali kubwa ni hili: moyo unakimbia kwa nini? Kama ni kwa sababu presha imeshuka, kwa kuharisha, kutapika, homa kali au kupoteza damu, basi mbio hizo ndizo zinazomshikilia mgonjwa. Ukiupunguza moyo kasi hapo unamwondolea gongo aliloegemea. Anahitaji maji, damu au tiba ya homa.

Lakini mambo yanaweza kuwa kinyume. Kuna wagonjwa ambao mbio zenyewe ndizo zimeshusha presha. Afrika Mashariki bado tuna vijana wengi wenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoanzia kwenye koo la mtoto lisilotibiwa. Vali ikiwa nyembamba, damu inahitaji muda kupita. Vyumba vya juu vya moyo vikianza kutetemeka ovyo, muda huo haupo, na kinachosukumwa kwenda mwilini ni kidogo. Kwa mtu huyu kupunguza kasi kunaweza kuipandisha presha. Hapo ndipo mashine ya nyumbani haitoshi. Panahitajika kipimo cha umeme wa moyo na mtu anayejua kukisoma.

Wako pia wenye moyo uliochoka. Hao huanzishwa dozi ndogo sana, bisoprololi miligramu 1.25 kwa siku kwa mfano, ikiongezwa polepole kila baada ya wiki mbili au zaidi. Wengi huishi na 95 au 100 kwa juu, wakatembea na kufanya kazi. Akiniuliza mmoja wao, nitamwambia asiogope namba aliyoizoea. Kizunguzungu kikimsumbua, daktari anaweza kupunguza Lasix au dawa nyingine kwanza, au kutenganisha saa za kumeza. Karvediloli huliwa na chakula kwa sababu hiyo hiyo, isiingie mwilini kwa kishindo.

Basi usiku ule ufanye nini? Keti dakika tano, pima tena. Hesabu mapigo kwa kidole kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima, maana mashine hukosea mapigo yasiyo sawa. Simama, upime baada ya dakika moja na tatu; namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, ndiyo inayokuletea giza machoni. Kama hujambo na hiyo ni namba yako ya siku zote, endelea kama ulivyoandikiwa. Kama ni ngeni kwako, piga simu kabla ya kumeza. Umezirai, kifua kinauma, pumzi hazitoshi, mikono imekuwa baridi au mapigo yako chini ya 50 na unajihisi vibaya? Usimeze, tafuta gari uende hospitali.

Ila kuacha kabisa kwa siku kadhaa kwa uamuzi wako ni hatari nyingine. Dawa za "lol" zikikatwa ghafla, moyo hurudi na mbio kuliko za mwanzo, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anaweza kupata shambulio. Miraa nayo huuharakisha moyo. Mwambie daktari ukweli kama unatafuna. Na anayefunga Ramadhani aende kliniki kabla ya mwezi kuandama, dozi na saa zipangwe upya, na amwombe daktari aandike kwenye kadi namba ambayo akiiona asimeze.