Ukusanyaji wa kauri za kale za Uingereza

Ukusanyaji wa kauri za kale za Uingereza ni shughuli ya kutafuta, kununua na kutunza vyombo vya mezani na mapambo ya udongo uliochomwa, kama vile sahani, vikombe, mabuli na majagi, vilivyotengenezwa Uingereza hasa tangu karne ya 18. Vingi hupatikana mnadani. Kwa desturi ya wafanyabiashara, chombo huhesabiwa kuwa cha kale kikifikisha umri wa miaka 100.

Historia

Kitovu cha ufinyanzi huo kilikuwa Staffordshire, katika miji sita ambayo leo ni jiji la Stoke-on-Trent. Huko kulikuwa na udongo na makaa ya mawe ya kuchomea; udongo mweupe uliletwa kutoka Cornwall.

Josiah Wedgwood (1730–1795) alianzisha kiwanda chake mjini Burslem mwaka 1759. Vyombo vyake vya rangi ya malai vilimpendeza Malkia Charlotte, vikaitwa "vyombo vya malkia". Josiah Spode (1733–1797) aliendeleza mbinu ya kuchapa picha za buluu chini ya tabaka linalong'aa. Kiwanda chake kilikamilisha pia kauri yenye majivu ya mifupa ya ng'ombe, ambayo ni nyeupe, nyembamba na imara. Katika karne ya 20, Clarice Cliff (1899–1972) alijulikana kwa vyombo vyenye rangi kali.

Vyombo vya Ulaya, vikiwemo vya Uingereza, vilifika pia Zanzibar na miji mingine ya pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19.

Kutambua umri

Mkusanyaji hugeuza chombo kwanza na kusoma chapa iliyo chini yake. Alama yenye umbo la almasi ilitumika kuanzia 1842 hadi 1883. Huonyesha tarehe ya kusajiliwa kwa muundo, si siku chombo kilipotengenezwa. Neno "England" lilienea baada ya sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890, iliyotaka bidhaa zionyeshe nchi zilikotoka. Maneno "Made in England" kwa kawaida ni ya karne ya 20.

Chapa inaweza kumpoteza mnunuzi. Mwaka ulioandikwa mara nyingi ni ule wa kuanzishwa kwa kampuni. Jina "Wedgewood", lenye herufi "e" ya ziada, lilitumiwa na wafinyanzi wengine na si kiwanda cha Josiah Wedgwood.

Mnadani

Sotheby's (1744) na Christie's (1766) ni kampuni za mnada zilizoanzishwa London. Minada midogo ya mikoani huuza vyombo vya familia na vya nyumba za marehemu, mara nyingi vikiwa vimechanganywa katika sanduku moja.

Kabla ya mnada kuna muda wa kukagua. Chombo kizima kikigongwa taratibu kwa ukucha hutoa mlio wazi. Chenye ufa mara nyingi hutoa mlio mfu. Taa ya urujuanimno husaidia kuonyesha gundi na rangi iliyopakwa baadaye. Mnunuzi huhesabu vipande vya seti na kuangalia kama kifuniko cha buli ni chake kweli.

Dalali akipiga nyundo, mauzo yamekamilika. Kampuni huongeza ada ya mnunuzi: kwa mfano, ada ikiwa asilimia 25, chombo kilichofikia pauni 100 hulipiwa pauni 125, kabla ya kodi na usafirishaji. Wengi hujiwekea kikomo mapema, kwa sababu ushindani ukumbini huweza kumfanya mtu alipe kupita uwezo wake.

Thamani

Umri pekee hauleti bei. Mchoro wa mti wa mwerebi, wenye daraja na ndege wawili, ulichapwa na viwanda vingi mno, hivyo sahani zake za kawaida si adimu. Bei hutegemea mtengenezaji, uadimu, hali ya chombo na mitindo ya wakati. Ufa mdogo huweza kushusha bei sana.

Matumizi na usalama

Tabaka la juu na rangi za vyombo vingi vya zamani vina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Vyakula vichachu, kama siki na maji ya ndimu, huweza kuyayeyusha. Kwa hiyo chombo ambacho hakijapimwa ni afadhali kiwe pambo, hata kama kilinunuliwa kwa ajili ya meza.